Mnara Uliovuka Bonde Letu

Jumapili iliyopita nilikwenda Tabata kumtembelea binti yangu, kama ilivyo desturi yangu tangu nilipostaafu. Nilimkuta mjukuu wangu, kijana wa kidato cha tatu, ameketi juani kwenye ngazi ya nje, daftari mapajani na simu mkononi. Nikamwuliza kulikoni asisomee chumbani kwake penye kivuli. Akanijibu, "Babu, chumbani hakuna intaneti. Inafika sebuleni, inaishia hapo."

Niliingia ndani kukitafuta kile kisanduku kinachogawa mawimbi nyumbani. Nilikikuta ndani ya kabati la chuma, rafu ya chini kabisa, nyuma ya sahani za wageni. Binti yangu alikuwa amekificha humo kwa kuhofia wezi, na kabati lenyewe limeegemea ukuta wa mwisho wa nyumba, upande wa barabarani. Chuma huyarudisha mawimbi yalikotoka. Na hayo machache yaliyofaulu kupenya kwenye nyufa za mlango, nusu yake yalikuwa yakiwaendea wapita njia. Nilikitoa, nikakiweka juu ya rafu ya ukumbini, katikati ya nyumba, mbali na jokofu na mbali na kile kioo kikubwa cha kujitazamia, kwa maana mgongo wa kioo una madini yanayozuia mawimbi kama vile chuma. Vipembe vyake viwili nikavisimamisha wima. Kijana akarudi chumbani na daftari lake, na baada ya dakika tano akachungulia mlangoni: "Babu, umejuaje?"

Nilimweleza habari ya ngata. Mawimbi hayatoki kwenye ncha ya kipembe kama maji yatokavyo kwenye mpira wa kumwagilia maua, ingawa watu wengi hudhani hivyo na kukielekeza kipembe kule wanakokaa. Hutoka ubavuni, yakakizunguka kipembe kama ngata iliyovishwa kwenye mti: manene pembeni, na matupu kwenye ncha. Kwa hiyo kipembe kilichosimama wima hulisha vyumba vyote vya sakafu moja, na kilicholazwa hulisha walio juu na walio chini. Mwenye nyumba ya ghorofa na asimamishe kimoja, akilaze cha pili. Hayo nilimweleza mjukuu wangu, naye aliridhika. Lakini jibu la kweli la swali lake ni refu kuliko hilo, nami sikulisema siku ile mbele ya chai. Nitalisema hapa.

Mimi nilijifunza kazi ya antena juu ya mapaa ya Dar es Salaam. Televisheni ya Zanzibar ilianza mwaka 1973, tena kwa picha za rangi, wakati huku Bara hatukuwa na kituo chetu hadi mwaka 1994. Hata hivyo walikuwapo watu wachache, hasa wa Upanga na maeneo ya pwani, waliokuwa na seti zao na waliotaka kuiona Zanzibar kutoka ng'ambo ya bahari, kilomita kama 70. Fundi wangu alikuwa akiwafungia antena ya mfano wa mfupa wa samaki, ile iliyobuniwa na Wajapani wawili, Uda na Yagi, na kutangazwa mwaka 1926. Mimi nilikuwa mwanafunzi wake: kazi yangu ilikuwa kupanda mlingoti. Yeye alikaa sebuleni akitazama picha, akanipigia kelele dirishani, "Zungusha kidogo! Rudisha! Hapo hapo, usipumue!" Nilistaajabu jinsi ambavyo kuusogeza mlingoti hatua mbili tu juu ya paa kulivyoweza kuigeuza chenga kuwa sura ya msomaji wa habari. Seti ni ile ile na antena ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali.

Siku hizo sikujua kwamba kazi hii ina historia ndefu. Desemba 1901, Marconi alipotaka kunasa huko Newfoundland mawimbi yaliyorushwa kutoka Uingereza kuvuka Bahari ya Atlantiki, hali ya hewa ilikuwa mbaya mno na muda mfupi mno kuweza kusimamisha nguzo ndefu, basi akaupandisha waya wake angani kwa tiara, kama wanavyorusha watoto. Mafundi wa zamani wote walikuwa na imani moja: kupanda juu. Kadiri waya unavyokuwa juu ndivyo unavyoona mbali, na mawimbi ya masafa ya juu husafiri karibu sawa na macho yaonavyo.

Imani hiyo nilibaki nayo miaka mingi. Ilianza kunitoka simu za mkononi zilipoingia nchini mwaka 1994, na baadaye nilipoajiriwa na kampuni moja ya simu, ambayo sitaitaja kwa kuwa kosa nitakalolisimulia lilikuwa langu. Huko nilifundishwa jambo lililonishangaza: mjini antena hushushwa. Simu za mkononi zinategemea wazo lililoandikwa Marekani mwaka 1947 katika maabara ya Bell, kwamba mji ugawanywe katika vitongoji vidogo vidogo vya mawimbi, na kila kitongoji kiwe na mnara wake, ili masafa yanayotumika hapa yaweze kutumika tena kule mbele bila kugombana. Masafa ni machache na watu ni wengi. Hakuna njia nyingine. Basi mnara wa Kariakoo ukiuinua mno, sauti yake itafika Ilala, na Magomeni, na Kigamboni, ikiingilia mazungumzo ya wenzake. Kwa hiyo paneli zake hufungwa chini ya vilele vya majengo, na uso wake huinamishwa kuelekea barabarani kama mtu anayetafuta sarafu iliyoanguka. Ni sawa na mwalimu katika shule yenye madarasa yanayopakana: akipaza sauti sana, darasa la pili halisomi.

Lakini milimani mambo ni mengine, na huko ndiko nilikopelekwa mwaka 2007.

Kwetu ni Usambara, wilaya ya Lushoto. Kampuni ilipotaka kujenga mnara katika tarafa yetu, mkubwa wangu wa kazi aliniteua mimi kwa kuwa ndimi mwenyeji. Nilifurahi, sitaficha. Nilikwenda na ramani, dira na gari, tukaweka alama mahali patatu panapofaa. Alama ya kwanza ilikuwa juu ya kilima kando ya soko, penye barabara ya gari na nguzo za umeme. Ya pili ilikuwa ukingoni kabisa mwa mlima, mita 300 mbele ya ile ya kwanza, mahali unaposimama ukaliona bonde letu lote miguuni pako na mbuga ya Mombo kwa mbali. Ya tatu haifai kutajwa, ilikuwa mbovu.

Ukingoni hakukuwa na barabara, na tuliambiwa kuna makaburi ya ukoo fulani. Hatukuwatafuta wenyewe kuwauliza. Nilichagua kilima cha sokoni. Mnara wa mita 45 ukasimama, ukafungwa paneli kwa pande tatu, moja ikitazama soko, ya pili barabara ya Lushoto, na ya tatu mbugani. Kisha tukapima. Kupima maana yake ni kutembea na gari lenye vyombo, kompyuta inaandika nguvu ya mawimbi kila hatua, na mwishoni karatasi inatoka na rangi: kijani pazuri, njano pa wastani, nyekundu pabaya. Karatasi yetu ilikuwa ya kijani tangu sokoni hadi Mombo. Tulipongezana. Niliiweka sahihi yangu chini yake.

Nyumba ya baba yangu haikuwa kwenye karatasi ile. Gari halifiki bondeni. Kuna njia ya miguu tu. Tulipima barabara, na mahali pasipokuwa na barabara hapakuwa na rangi yoyote, wala kijani wala nyekundu. Palikuwa peupe. Nami mwenyeji, niliyezaliwa katika weupe ule, sikuuona.

Nilipokwenda likizo mwishoni mwa mwaka ule ndugu zangu walinieleza kwa utani kwamba mnara wangu unawapenda watu wa Mombo kuliko wao. Kutaka kupiga simu iliwabidi kupanda mwendo wa saa nzima hadi kwenye jabali moja ukingoni, ambalo lilikwisha pata jina: Jiwe la Simu. Jioni ungewakuta pale watu kumi na watano, kila mmoja akipaza sauti yake na kugeukia upande wake. Mama naye alipanda mara moja kwa mwezi. Nilicheka pamoja nao, nikasema nitalishughulikia. Nilirudi Dar es Salaam, nikasahau. Labda sikusahau, niliona aya kulipeleka ofisini kosa lenye sahihi yangu.

Aprili 2009, wakati wa masika, baba alishikwa na maumivu ya kifua usiku wa manane. Njia ilikuwa tope na ukungu. Hakuna aliyethubutu kupanda jabalini gizani, na bila simu gari la kukodi halikuweza kuitwa lije hadi mwisho wa barabara. Walimbeba kwa machela kulipopambazuka, akafariki njiani kabla hawajafika sokoni. Mpwa wangu alikimbia hadi jiweni kunipigia, akakuta simu yake imekwisha chaji, akalazimika kwenda dukani kuichaji kwanza. Habari zilinifikia alasiri. Nilipata basi la alfajiri, nikafika wakati kaburi lilikuwa tayari lina siku moja.

Sisemi kwamba simu ingemponya. Alikuwa mtu mzima, na daktari niliyemweleza dalili zake alitikisa kichwa. Lakini mimi ni mtoto wa kwanza, na sikuwapo kumtia baba yangu kaburini. Watu waliokuja kutoa pole walizungumza habari ya mvua na njia. Hakuna hata mmoja aliyetaja mnara. Ningependa wangeutaja.

Usiku wa tatu ukungu ulishuka, na nikiwa nimekaa nje niliona juu ya bega la mlima wekundu hafifu ukiwaka na kuzimika. Ilikuwa taa ya mnara, ambayo yenyewe haionekani kutoka uani kwetu. Ni mwanga wake tu uliotawanywa na ukungu. Ndipo nilipoelewa sawasawa. Asubuhi niliazima kamba ya kupimia, nikachukua na kipima pembe changu, nikapanda.

Hesabu yake ni nyepesi, na kijana yeyote wa sekondari anaiweza. Mnara una mita 45, nao umesimama mita 300 nyuma ya ukingo. Ukingoni kuna miti ya kimo cha mita 20 hivi. Basi mstari unaotoka kileleni mwa mnara na kupita juu ya miti ile hushuka kwa nyuzi 5 tu hivi. Kila kilicho chini ya mstari huo kimo katika kivuli. Nyumba yetu iko mita 350 chini ya ukingo, kilomita 2 mbele yake: ili kuiona, mnara ungepaswa kutazama chini kwa nyuzi karibu 10. Hata miti yote ingekatwa, ukingo wenyewe bado ungeifunika. Tena paneli zile hutawanya mawimbi yao kwa upana, nyuzi kama 65, lakini kwa kimo ni mwali mwembamba wa nyuzi 7 au 8, nao ulikuwa umeelekezwa mbali, mbugani. Mawimbi yalipita juu ya mapaa yetu kama ndege, yakaenda kutua Mombo. Kuongeza nguvu ya mtambo kusingesaidia. Ungempigia tu kelele zaidi mtu wa mbali. Kuurefusha mnara kungesaidia kidogo sana kwa gharama kubwa sana. Mahali ndipo palipokosewa.

Siku hizi uchaguzi kama ule hausubiri macho ya fundi mmoja. Kompyuta hupewa ramani ya milima na idadi ya watu, ikajaribu. Lakini nayo haijaribu yote, maana hesabu zake hutisha: ukiwa na vilele 30 vinavyofaa na fedha za minara 8, njia za kuichagua minara hiyo ni 5,852,925. Na hiyo ni kabla hujauliza kila mmoja uwe na kimo gani, utazame wapi, uiname nyuzi ngapi. Basi hutumiwa njia za mkato: huchaguliwa kwanza mahali panapofikia watu wengi zaidi, kisha panapofikia wengi zaidi kati ya waliobaki, na kuendelea hivyo hadi fedha ziishe, au huanzwa na mpango wowote, ukachanganywachanganywa na kila ulio bora ukahifadhiwa. Njia hizi ni nzuri, na ningekuwa nazo mwaka 2007 huenda ningeliona bonde letu. Huenda. Maana kompyuta hutafuta kile ilichoambiwa ikitafute. Ukiiambia itafute wateja wengi kwa shilingi chache, itakupa jibu sahihi kabisa, na bonde lenye njia ya miguu litabaki nje ya jibu hilo. Ndiyo sababu sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, kwa ajili ya mahali ambapo biashara peke yake isingepeleka mnara.

Niliandika barua ofisini, nikachora mlima kwa ubavu ili kila mtu auone ule mstari. Mkubwa wangu hakuwa mtu mbaya. Aliisoma, akaniuliza swali la haki: "Ndugu, watu hao ni wangapi, na wanapiga simu mara ngapi?" Sikuwa na jibu. Habari ya baba sikuitaja. Niliona si hoja ya kiufundi. Nilimwomba mpwa wangu akae jiweni wiki nzima na daftari, akiandika kila anayepanda na saa anayopanda. Alijaza kurasa nne, mistari yote. Wengine walikuja usiku na taa za karabai kwa ajili ya wagonjwa, jambo ambalo hata mimi sikulijua. Daftari lile nililipeleka kama lilivyo, na alama za matope ya vidole.

Hata hivyo ilichukua karibu miaka miwili. Mwaka 2011 ulisimamishwa ukingoni mlingoti mfupi, wa mita 15 tu, wenye paneli mbili zilizoinamishwa nyuzi 10. Haukuhitaji barabara, kwa sababu mitambo mikubwa ilibaki sokoni. Kati yake na mlingoti ulilazwa waya wa umeme na waya mwembamba wa nyuzi za kioo. Kuhusu makaburi, safari hii tulikwenda kuwauliza wazee wa ukoo ule. Walikaa nasi asubuhi moja, wakatembea hadi pale, wakaomba mlingoti usogezwe hatua kumi upande wa mashariki. Basi. Ndilo zuio lililotufanya mwaka 2007 tupaache mahali pale.

Nilikuwa nimekwisha rudi Dar es Salaam waliponiarifu kwamba umewashwa. Jioni ile simu yangu ikalia, na jina la mama likatokea. Alikuwa akipiga kelele kama alivyozoea jiweni, nikalazimika kuisogeza simu mbali na sikio.

"Mama, uko wapi?"

"Niko jikoni, mwanangu! Ninasonga ugali!"

Nilimwambia hakuna haja ya kupaza sauti, namsikia vizuri, hata mwiko nausikia. Alishusha sauti kidogo, kwa mashaka. Akaniuliza habari ya watoto, akanieleza habari ya ng'ombe. Kisha akanyamaza, nikadhani simu imekatika.

"Lakini mwanangu," akasema, "wale wenzetu wa ng'ambo ya mto, mbona jana nimewaona bado wanapanda?"

Nilimwambia asubiri kidogo. Nikaenda kutafuta kalamu, nikarudi nikamwomba anitajie nyumba zao moja moja, kuanzia ile ya juu kabisa.